Kabla hujanunua tela

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma, na hongera kwa pikapu. Umeandika kwamba inavuta tani tatu na nusu, kwa hiyo tela lolote litaifaa. Hapo ndipo nina neno, nalo halifai kungoja.

Namba hiyo inahusu kuvuta tu. Tela likifungwa nyuma ya gari huliegemea pia, na likiwa limepangwa vizuri huegemeza mbele kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Uzito huo haukokotwi, unabebwa. Unaingia kwenye hesabu moja na watu walioketi ndani na vitu vilivyo kwenye bodi.

Chukua pikapu yenye uwezo wa kubeba kilo 700. Mkipanda watu wanne, kama kilo 300 zimekwenda. Weka vifaa vya kilo 150, zinabaki 250. Kwa asilimia 10, tela la kilo 2500 limezimaliza zote. Kwa asilimia 15, hata la kilo 1700 limezipita. Tani tatu na nusu zimeishia wapi? Na hizo kilo za tela ni likiwa limeshapakiwa, si likiwa tupu. Lipitishe kwenye mizani, usikisie.

Fundi anaweza kukwambia aongeze springi. Zitainua nyuma, basi. Ekseli, chesisi, tairi na breki ni zile zile.

Wala usisogeze mzigo nyuma ili kuipunguzia pikapu. Hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Tela zito mkiani, upepo ukilipiga au lori likikupita kwa kasi, huanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara kwa upana zaidi, mpaka linaligeuza gari litakavyo. Kama asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli ya tela, vizito viwe chini, vyote vifungwe visihame. Ukizidisha mbele nako ni balaa: pikapu inaketi nyuma, magurudumu ya mbele yanakosa uzito, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki ipasavyo.

Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani unyooke. Usishindane nalo kwa kukata huku na huku, usikanyage breki kwa nguvu, na usiongeze mwendo, hata akushauri nani. Kama tela lina breki za umeme zenye swichi karibu na dereva, zishike hizo peke yake, taratibu. Tela litavutwa nyuma na kunyooka. Kisha egesha, upange mzigo upya.

Kwa tela la ukubwa unaoutaka, lisilo na breki zake mwenyewe usilitazame mara mbili. Minyororo ya usalama nayo ipishane kama msalaba chini ya kiungio, pale tela linapofungwa kwenye gari, ili tela likichomoka mkono wake uangukie juu ya minyororo, si barabarani.

Nitumie picha ya kibandiko cha uwezo wa kubeba kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, na ukurasa wa kitabu cha gari unaotaja uzito unaoruhusiwa kwenye kiungio. Andika pia uzito wa tela pamoja na mzigo wako wa kawaida. Nitakupigia hesabu na kukujibu mara moja. Hadi hapo, tafadhali, usitoe hata kishika uchumba.

Wako,
Rafiki yako