Ukimya wetu wa corona msiuhesabu kuwa utulivu

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nina la kusema kuhusu hii ishu ya kupima maoni ya wananchi kwa kuchota posti za mitandaoni. Sa hivi likitajwa gonjwa lolote, iwe Marburg kule Kagera au mpox, hakosi mtaalamu wa kusema data ipo kibao, tukusanye posti, kompyuta izigawe chanya, hasi na zisizo na upande, alafu tutajua watu wana hofu kiasi gani. Sipingi. Ila corona ilipita hapa hapa Bongo, na kabla hatujatoa hela ya hizo programu naomba tukumbushane ilivyokuwa.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Wiki zile za mwanzo watu waliandika mpaka basi, bei ya barakoa, sanitaiza feki, ndimu na tangawizi zimepanda sokoni, ndoo ya maji tiririka mbele ya kila duka, nani kamsalimia nani kwa kiwiko. Kama kuna kipindi mashine ingetusoma vizuri ni kile. Kufika Mei hesabu ikagandia wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hivyo zaidi ya mwaka, na Rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kama za watu zimetoka na corona. Mnakumbuka mitandao siku ile? Vicheko mwanzo mwisho, mapapai yamevalishwa barakoa. Sasa mwambie mashine ihesabu zile emoji za kucheka itakupa jibu gani, itakwambia taifa lina furaha, wakati wengine walikuwa wanacheka huku wanajiuliza wakipima wapate majibu gani na wayaamini vipi.

Alafu Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ukiweka habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka unalo. Hapo ndo pa kuangalia kwa makini jamani. Posti za kulalamika zikipungua baada ya kanuni kama zile, kompyuta haijui mtu ameacha kuogopa ugonjwa au ameanza kuogopa polisi, yenyewe inachoona ni mstari umeshuka tu, na mchoraji wa ripoti ataandika wananchi wametulia. Oktoba wakati wa uchaguzi Twitter nayo ikawa haifunguki mpaka uwe na VPN, ile programu ya kuficha ulipo, na mwenye VPN anaweza kuonekana yuko Uholanzi kumbe amekaa Tandika anakula mihogo.

Watu hawakunyamaza moja kwa moja lakini, walihamia kwenye mafumbo. Mwanzoni mwa 2021 ikawa ni "changamoto ya upumuaji", kila mtu anajua inamaanisha nini na hakuna anayetaja. Ukitafuta neno corona unapata kidogo. Tarehe 17 Februari 2021 tulipata misiba miwili mikubwa siku moja, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilishasema wazi kwamba ana corona, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Siku chache baadae Dk Mpango, akiwa Waziri wa Fedha, akatoka mbele ya waandishi hospitalini Dodoma kukanusha uvumi kwamba amefariki, huku anakohoa, na ile video nadhani ilifika kila simu nchi hii. Chini yake kulikuwa na nini? Pole, dua, na watu wanaombeana uzima.

Mimi nimewahi kufanya vibarua vya kuweka lebo kwenye posti za Kiswahili, unapewa jedwali, kila mstari posti moja, pembeni unachagua chanya, hasi au kati, unalipwa kwa mstari. Sasa unakutana na "Raha ya milele umpe ee Bwana na mwanga wa milele umwangazie". Programu iliyotangulia kupiga hesabu imeshaipa chanya, alama za juu kabisa, kisa raha, kisa mwanga. Hiyo ni sala ya marehemu! Msururu wa sala kama hizo kwenye mwezi mmoja ilikuwa ndo taarifa pekee tuliyokuwa nayo, na mashine inaihesabu kama sherehe. Mstari unaofuata mtu kasifia barakoa ya kitenge ya mkewe, "hatari sana wife", imepewa hasi. Tulikuwa tunabishana na mwenzangu wa Mombasa hadi muda wa kazi unaisha, na tulikuwa binadamu wawili tunaoongea lugha moja.

Na wenzetu Kenya sio kwamba walikuwa rahisi kusomeka. Ila kule Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, alikuwa anasoma namba karibu kila siku, watu wanamtania, wanalalamikia kafyu, na ilipofika Agosti 2020 ikalipuka ile kashfa ya KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa tiba, na pesa za vifaa vya corona, hasira ikamwagwa hadharani na kwa majina. Hata Sheng ikikuchenga, pale kuna kitu cha kupima.

Sisemi kazi haifanyiki. Mwaka 2023 watafiti wa Kiafrika walitoa mkusanyiko unaoitwa AfriSenti, twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14, Kiswahili kikiwemo, na zilisomwa na wenye lugha zao, sio kupitishwa kwanza kwenye tafsiri ya mashine. Safi sana, ingawa fungu letu lilikuwa dogo ukilinganisha na la Wahausa (na sisi ndo tunajisifu kwa wingi!). Mwaka huo huo Twitter wakafunga mlango wa bure kwa watafiti, sa hivi data mpaka ulipie.

Alafu kuna wengi ambao hawapo humo kabisa. Mama yangu ana kitochi. Majirani zangu mambo yao yote yako kwenye magrupu ya WhatsApp na voisi noti, ambako hakuna programu inayoingia na isiingie. Uganda walifikiria hilo mapema, Pulse Lab Kampala ya Umoja wa Mataifa ilitengeneza mfumo wa kusikiliza watu wanaopiga simu redioni, kwa Kiganda na Kiacholi. Sisi wenye redio kibao tumeshindwa nini?

Hata chanjo, ilipozinduliwa 28 Julai 2021 na Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, ukisoma mitandao ungesema hakuna atakayechanja, mara utageuka zombi, mara Askofu Gwajima kasema hivi. Wahudumu wa afya waliposhuka mitaani na vijijini kuongea na watu ana kwa ana idadi ikapanda.

Kwa hiyo wizara, gonjwa lijalo, namba zitolewe kila siku hata zikiwa mbaya, anayeuliza asikamatwe, ndo mhesabu posti. Na hao wa kuweka lebo wachukueni kutoka Tanga, Kigoma, Songea, Pemba, sio wote wa Dar kama sisi, na walipwe vizuri basi, ile hela kwa mstari ilikuwa haitoshi hata bando.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Sinza, Dar es Salaam