Tunu wangu hatakufa

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita gazeti lako liliuliza kwa nini riwaya za Kiswahili siku hizi zinafanana miisho. Mimi ni mmoja wa wanaoziandika, kwa hiyo swali limenifika. Naomba nafasi nijibu. Nikirefusha, nipunguze, ila usinikate mwishoni, maana kukatwa mwishoni ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana nilipeleka mswada kwa mchapishaji mmoja wa hapa jijini. Miaka minne, kauntabuku tatu, kurasa nyingine zimeandikwa ndani ya daladala ya Tegeta, ndiyo maana mwandiko umepinda kama umelewa. Ni kisa cha Tunu, binti wa mvuvi, anayemwacha mume mwenye duka akaenda kupanga chumba na kuuza ngisi wa kukaanga. Haibi, harogi, hamtapeli mtu. Anaishi tu. Katika sura ya mwisho tunamwacha kaketi mlangoni anapara samaki, redio inaongea chini chini.

Baada ya miezi mitano nikaitwa. Kijana aliyeusoma alikuwa na adabu zake, hata chai aliniagizia. "Mama, umeandika vizuri sana. Ila Tunu hajaadhibiwa." Nikamwuliza kwa kosa gani. Akacheka kidogo, akasema si yeye, ni soko: watu wazima hawanunui, kitabu kisipoingia shuleni kinaliwa na mchwa stoo, na shuleni mwanafunzi lazima apate ujumbe wa kuandika kwenye mtihani. "Ungemwua tu, mama. Au augue, arudi kwa mumewe kuomba radhi."

Nikaufunga mswada wangu kwenye khanga, nikaondoka. Chai sikuimaliza.

Sasa, Mhariri, uhuru wa mwandishi tumezoea kuutazama upande wa serikali. Ni haki, kwani yametokea. Shaaban Robert alikuwa karani wa Waingereza. Alipotaka kusema juu ya watawala wasiosikia, aliitundika nchi ya kitabu chake, Kusadikika, angani, ambako bwana shauri wa kikoloni hafiki. Riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda kusomwa shuleni, kisha wanafunzi wakaja kuisoma. Wale walijua nani kashika mkasi. Leo Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana uhuru wa kueleza fikra zake, nami hakuna aliyenikataza chochote. Nimeshauriwa. Ushauri huo wanapewa wenzangu wengi, nao wana karo za kulipa, wanamwua binti. Wakati mwingine wanamwua ukurasa wa mwisho kabisa, mbio mbio, kama mtu anayezima taa atoke. Ndiyo jibu la swali lenu.

Mimi kalamu yangu ilinishinda kufanya hivyo, na sababu yake haikutoka vitabuni. Nimezaliwa Kunduchi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana hapa kwetu, kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza. Shangazi yangu alinichukua nikiwa na miaka kama tisa. Alinifundisha kutotafuta pweza mwenyewe, nitafute mlango wake: maganda ya kaa na chaza aliyoyatupa nje baada ya kula. Tukaupata. Shangazi akaingiza kijiti chake cha chuma, pweza akaking'ang'ania, akatoa mkono mmoja, kisha wa pili, mwili umegeuka kutoka hudhurungi ukawa mweupe, ukarudi mwekundu. Jicho lilikuwa linatutazama. Shangazi anavuta, yeye anavuta, maji yakaanza kurudi, yakatufika vifundoni, magotini. Mimi nalia, nataka tumtoe, kwani nyumbani hakukuwa na kitoweo. Shangazi akachomoa kijiti, akajifunga khanga upya, akasema, "Huyu kakataa. Twende, maji hayasubiri."

Jioni tulikula ugali na mchicha. Hakuna aliyeuliza ile safari ilikuwa na ujumbe gani.

Nilipofika sura ya mwisho ya Tunu, naapa nilijaribu. Nilimwandikia homa, nikamlaza hospitali ya Mwananyamala, nikamletea mume na machungwa kwenye mfuko. Kila nikirudi kusoma nakuta mgonjwa ni mtu mwingine niliyemvalisha gauni la Tunu. Kurasa kumi na moja hizo niliziwashia jiko la mkaa, na zilishika moto vizuri, nakiri.

Walimu wasinielewe vibaya. Mtoto afundishwe dhamira, fani na maudhui, sina neno. Lakini wachapishaji wangethubutu kutoa vijitabu vyembamba vya bei ya sahani ya chipsi mayai, viuzwe stendi ya Mwenge kwa watu wazima wasiofanya mtihani wowote, tungeona kama kweli hatununui. Nimewahi kumsomea sura mbili mama muuza mihogo pale njiani kwangu, naye kila nikipita ananiuliza, "Yule mumewe kamfuata?"

Kauntabuku zangu ziko kabatini juu ya gunia la mchele. Mchapishaji anayezitaka aje Kunduchi, ila aje siku za maji mafu. Wakati wa bamvua hanikuti nyumbani.

Mwandishi wa riwaya,
Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam