Mhariri, megapikseli basi, tuandikieni habari za lenzi

Mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa hapa Tanga, kazi yangu kupiga picha za harusi na sendofu, na naandika kwa sababu kila mkigusa habari za kamera naona ni megapikseli tu, yaani wingi wa nukta za picha, mara 18 mara 24, mtu atadhani hizo ndio zinapiga picha zenyewe. Lenzi hamzitaji kabisa.

Yamenikuta ndio maana nasema. Nilikuwa na kakamera ka mfukoni, nikadunduliza weee, nikapanda basi mpaka Kariakoo nikachukua Nikon D3200 ya mtumba na lenzi yake ile ya kuzumu ya milimita 18-55, halafu muuzaji akanichomekea na lenzi ya 50mm f/1.8D (hiyo f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), akaniambia hii ndio ya harusi mdogo wangu, utakuja kunishukuru. Na lenzi yenyewe nzuri tu, sina ubaya nayo, ila nafika ukumbini nabonyeza kitufe fokasi haiji, kimya. Nikajua nimeuziwa mbovu. Kumbe nzima, lenzi za namna ile hazina mota ya fokasi ndani, zinaendeshwa na mota ya kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na bodi za bei ya chini kama D3100, D3200 mpaka D5200 hazina hiyo mota, inabidi ununue lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani, ama uwe na bodi kama D90 au D7000. Vijiherufi tu hivyo Mhariri! Usiku kucha nazungusha fokasi kwa mkono, keki inakatwa nazungusha, maharusi wanalishana nazungusha, nusu ya picha hazisomeki na mama bibi harusi mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia nyanya.

Wa Canon nao wasicheke sana. Kwao mota imo ndani ya lenzi tangu lenzi zao za EF zilipoanza 1987, lakini ukinunua EF-S leo, zile za kamera zenye sensa ndogo (sensa ndio inayopokea picha ndani ya kamera), kesho ukahamia bodi ya DSLR ya fulu fremu, yenye sensa kubwa, hazikai, unaanza upya.

Halafu hiyo 50 kwenye sensa zetu hizi ndogo inavuta kama 75, kwenye chumba anachopambiwa bibi harusi na mashangazi wote wamo humo utarudi nyuma mpaka ukae kabatini. Bora 35mm f/1.8 ya AF-S. Ile 18-55 msiidharau, mchana inafanya kazi vizuri sana, shida yake usiku, ukizumu mpaka mwisho inabaki f/5.6 wakati f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, sasa fikiria kumbi zetu hizi zenye taa za rangirangi na umeme wa kukatika. Ndio maana mdogo wangu akiniuliza namwambia chukua bodi ya zamani ya bei poa, hela iliyobaki tia kwenye lenzi, bodi utaibadilisha tu.

Na sasa hivi mtumba umejaa kwa kuwa wenye hela wanahamia kamera za mirrorless, zisizo na kioo cha kuakisi picha ndani, wanauza za zamani, bei nzuri, ila huku pwani kuna fangasi. Washa tochi ya simu, imulike kupitia kwenye lenzi, ukiona kama utando wa buibui ndani ya kioo rudisha hapo hapo, hata wakikupunguzia. Mimi zangu nazifungia kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, wife anasema naweka kiporo.

Kwa hiyo Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia ukikosa la kuandika andikeni hilo, na wauzaji mtu akija kununua lenzi muulizeni kwanza bodi yake ni ipi, ni swali la sekunde mbili.

Ile 50 bado ninayo. Mwenye D7000 hapa Tanga aje tuongee bei.

Mpiga picha wa harusi,
Tanga