Barua kwa Binti Yangu Anayetaka Ubunge wa York South–Weston

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Habari kwamba unaacha kazi Ottawa urudi Toronto kuwania uteuzi wa chama, ili ugombee ubunge wa Ontario katika jimbo letu hili, tumeipata. Mama yako ameshaitangaza ghorofa nzima. Nami ninajivunia, usidhani vinginevyo. Ila kuna neno ulilolisema kwenye simu limenikosesha usingizi: “Baba, watu wetu pale ni wengi.”

Wengi wangapi, mwanangu? Wenye uraia ni wangapi? Anayepiga kura Ontario ni raia wa Kanada aliyetimiza miaka 18 na anayeishi ndani ya mkoa. Mwenye ukaazi wa kudumu, hata awe amekaa hapa Weston miaka kumi, hapigi. Ukisimama mlangoni mwa jengo letu ukahesabu wanaokuamkia kwa Kiswahili au Kisomali, umehesabu majirani. Kura hujazihesabu bado.

Jimbo hili halina mwenyewe. York South ya zamani ilimpa ubunge Ted Jolliffe wa CCF, chama cha mrengo wa kushoto kilichokuja kuwa NDP, mwaka 1943, chama chake kikapata viti 34, vinne tu nyuma ya Conservative. Miaka miwili baadaye chama kikabaki na viti 8, na yeye mwenyewe kiongozi akaangushwa papa hapa. Akarudi 1948, akaanguka tena 1951. Donald MacDonald wa chama hichohicho ndiye aliyekaa, tangu 1955 hadi alipojiuzulu 1982 kumpisha Bob Rae, na Rae akawa Waziri Mkuu wa Ontario mwaka 1990. Watu husikia historia hiyo wakadhani jimbo hili ni la NDP tangu kuzaliwa. Rae alipoondoka 1996, uchaguzi mdogo uliofuata ulichukuliwa na Gerard Kennedy wa Liberal.

Halafu mipaka. Mwaka 1999 viti vya Bunge vilipunguzwa kutoka 130 hadi 103, York South ikafutwa, sehemu yake ikaingia York South–Weston. Kwa hiyo mtu akikuletea kura za enzi za Rae azilinganishe na za leo, mwambie mitaa si ileile. Anza hesabu zako 1999, na tazama kituo kwa kituo. Jumla ya jimbo haikwambii ni jengo gani halikutoka kupiga kura.

Nataka hasa uutazame mwaka 2007. Joe Cordiano wa Liberal, mbunge wa hapa, alikuwa amejiuzulu, uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 8 Februari. Paul Ferreira wa NDP akamshinda Laura Albanese wa Liberal kwa kura 358. Tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo, watu walewale wawili, Albanese akakichukua kiti, tena kwa kura chache. Ferreira akajaribu tena 2011, hakufanikiwa. Albanese alifika hadi kuwa waziri wa uraia na uhamiaji, na bado 2018 Faisal Hassan wa NDP, mzaliwa wa Somalia, akamtoa. Hassan naye akatolewa 2022 na Michael Ford wa Conservative. Mwaka 2025 Ford hakugombea, akaingia Mohamed Firin wa chama hichohicho. Unaona mwenyewe: uwaziri haukumwokoa Albanese, wala kuwa Msomali hakukumlinda Hassan. Na 2022, Ontario nzima ni kama asilimia 44 tu ya wapiga kura waliojitokeza. Ndiyo maana nakuuliza tena: wengi wangapi?

Kabla ya hayo yote kuna uteuzi, na uteuzi hauamuliwi na mtaa. Huamuliwa na wenye kadi za chama waliojiandikisha kabla ya tarehe ya mwisho. Jua tarehe hiyo kabla hujamwandikia bosi wako barua ya kuacha kazi. Ungeomba likizo isiyo na malipo kwanza. Hili ulipaswa kutuuliza, ingawa najua nyumba hii ilikulea kwa siasa kuliko kwa tahadhari.

Ukiteuliwa, fomu ya ugombea inataka saini zisizopungua 25 za wapiga kura. Kusanya zaidi ya mara mbili, maana wapo watakaotia saini kumbe si raia, au wamehamia jimbo jingine. Kisha wafundishe vijana wako wa milangoni waulize mambo matatu: wewe ni raia? Jina lako limo kwenye daftari kwa anwani hii? Una kitambulisho chenye jina na anwani? Pasipoti haina anwani; hapo ndipo wazee wetu hukwama. Taarifa ya benki au bili ya umeme inatosha. Na wa zamu za viwandani wakumbushwe kwamba sheria inawapa saa tatu mfululizo za kupiga kura. Vituo hufunguliwa saa 3 asubuhi, hufungwa saa 3 usiku. Anayefanya kazi saa 4 asubuhi hadi saa 1 jioni ana haki ya kuomba atoke saa 12. Wengi hawajui, na mwajiri hawatangazii.

Mawakala wako wa kusimamia kura vituoni wawe na barua za uteuzi mkononi, wasije na maneno matupu. Jaji huhesabu upya bila mgombea kuomba pale tu tofauti ikiwa chini ya kura 25. Kwa tofauti kama ile ya 358, kuhesabu upya hakuji kwenyewe.

Chumba chako kimejaa magunia ya mchele na cherehani ya mama yako. Vitahamishiwa stoo kabla hujafika. Usinunue kitanda. Njoo na koti zito, lile la zamani zipu yake imeharibika. Na niandikie idadi ya raia katika majengo matatu ya kwanza utakayopita, jengo kwa jengo.

Ni mimi baba yako.