Mudogo yangu wa Liège, Ubelgiji, makuta yako (feza zako) yalale kwa jina lako

Mudogo yangu,

Mama aliniambia umepata kazi, tukafurahi sana huku Lubumbashi, Katuba nzima ilijua, halafu akaongeza ati mshahara unapitia kwenye konti ya yule kaka aliyekupokea juu wewe hauna yako bado. Hapo njo niliacha kufurahi. Sisemi ni mwizi, hata simjui. Ila siku mkigombana, ama tribinali wakifunga konti yake juu ya madeni yake mwenyewe, utaenda kulilia kwa nani? Kwa karatasi zile feza ni zake.

Na usiniambie banki ilikukatalia basi ukaacha. Mi niliishi uko, najua vile wanageuza-geuza pasipoti ya Kongo. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya inasema mtu anayekaa kihalali ana haki ya konti ya msingi, hata muomba hifadhi. Uliza kwa jina lake, «service bancaire de base», juu ukisema tu unataka konti watakuzungusha. Omba kwa maandishi, wako na siku 10 za kazi za kukujibu, na wakikataa watoe sababu kwa maandishi pia. Ukiwa na hiyo karatasi unapeleka malalamiko Ombudsfin, ofisi inayosuluhisha magomvi ya wateja na banki, hailipishwi.

Ukishapata kadi, atatokea mtu, pengine mukongomani mwenzetu kabisa, atakuomba apitishe makuta kidogo kwako halafu akuachie yako. Kataa kabisa! Mara nyingi hayo makuta yametoka kwa watu waliodanganywa kwa simu, na polisi wanamtafuta mwenye jina.

Ya nyumba sasa. Huku tumezoea kumuhesabia bailleur (mwenye nyumba) garanti, ile amana ya kupanga, mkononi, dola safi zisizopasuka, siku ya kuhama unaanza kumbembeleza kama mkwe. Uko usimpe mtu cash. Garanti inakaa kwenye konti iliyofungwa, kwa jina lako, na kwa Wallonie, jimbo lenu la Liège, ukiiweka yote pale haipaswi kupita kodi ya miezi 2. Bailleur hawezi kuigusa bila wewe kukubali ao tribinali kuamua.

Ile konti yako ya dola ya huku pia usiinyamazie. Ukishakuwa mkaaji wa Ubelgiji unapaswa kuitangaza kwa Banki ya Taifa yao na kuitaja kwenye deklarasyo ya kodi, hata kama ndani hamuna kitu.

Kuhusu kututumia, angalia dola ngapi zitafika kwa mama, usiangalie ada peke yake, kuna wanaokuandikia ada sifuri halafu wanajilipa kwenye bei ya kugeuza euro. Na usitume kila mtu akikupigia. Binamu wa Kenya (komini yetu, watu wa Nairobi msishtuke) ameshasikia uko na kazi, simu zitakuja. Tuma mara moja kwa mwezi, kwa mama, yeye njo anajua nani anagonjwa kweli na nani anataka bia ya Simba baridi.

Kesho shika pasipoti, kontra ya kazi na karatasi ya komini, uende banki. Nambari ya konti ikitoka tu, mpe patron kabla hawajatengeneza mshahara wa mwezi huu. Kaka yule umwambie asante, umununulie kitu.

Yaya yako