Kabla Hujanunua Turbo Nyingine

Wateja wengi wanaofika katika gereji yetu hapa Tabora mjini wakilalamikia moshi, mluzi au gari kukosa nguvu huwa wamekwisha kuambiwa huko walikotoka kwamba turbo imekufa na inatakiwa mpya. Mara nyingine ni kweli imekufa. Hata hivyo, turbo ni kifaa ambacho kwa kawaida huuawa na kitu kingine, na mwenye gari anayefunga mpya bila kutafuta kilichoiua ile ya kwanza hujikuta anaagiza ya tatu kutoka Kariakoo kabla hajasahau bei ya ya pili. Makala haya yanaeleza wauaji hao ni akina nani, tunawatafutaje, na mwenye gari anaweza kufanya nini kabla mambo hayajafika gereji.

Ndani ya turbo mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga kama ya pangaboi, yaliyofungwa kwenye ncha mbili za shafti moja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kuelekea ekzosi. La pili, kwa kuwa limo kwenye shafti hiyo hiyo, huvuta hewa, huibana na kuisukuma ndani ya silinda, ili injini ndogo iweze kuchoma mafuta mengi na kutoa nguvu ya injini kubwa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliombea wazo hili hataza mwaka 1905, na kimsingi halijabadilika. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika injini inapofanya kazi kwa nguvu, huku moshi unaopita jirani yake ukifikia nyuzi joto 700 hivi katika injini ya dizeli iliyobeba mzigo, na kuzidi 900 katika injini ya petroli. Katika turbo nyingi za magari tunayoyaona huku, shafti haikalii gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini, na utando huo ukikatika hata kwa sekunde chache, chuma hukutana na chuma kwa mwendo ambao hakuna chuma kinachouvumilia.

Ndiyo maana uchunguzi wetu huanzia kwenye oili. Bado wapo wenye magari ya turbo wanaotia oili namba 40 ya kawaida kwa sababu ni rahisi na inapatikana kila duka, nasi hatuishauri. Oili hiyo ni nzito asubuhi, huchelewa kufika kwenye turbo baada ya kuwasha, na nyingi ya zile za bei ya chini hazikutengenezwa kwa ajili ya joto la turbo. Kwa injini nyingi za dizeli zenye turbo, oili ya 15W-40 (ambayo si nzito asubuhi kama ile ya namba 40 tupu) iliyoandikwa kwenye kopo daraja la CI-4 ni chaguo salama, isipokuwa pale kitabu cha gari kinapotaka nyingine. Kwa njia zetu za vumbi na mizigo mizito, tunapendekeza oili na filta yake vibadilishwe kila kilomita 5,000, hata kama fundi mwingine amekuhakikishia kwamba oili fulani inafika 10,000. Inaweza kufika huko kwenye lami ya nchi yenye baridi; kwa gari linaloingia vijiji vya Kaliua na Sikonge msimu wa tumbaku, habari ni tofauti.

Kuna magari ambayo njaa ya oili inajulikana inakoanzia. Katika injini ya Toyota 1KD-FTV, iliyomo kwenye Hilux, Prado na Hiace nyingi, washa za shaba zilizo chini ya nozeli zinazopulizia dizeli zikichoka, moshi wa silinda huvuja na kuingia kwenye oili, oili hugeuka lami, na uchafu huo huziba chujio ambalo pampu huvutia oili, lililo ndani ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Dalili zake ni gari kusumbua kuwaka asubuhi, sauti ya mpumuo juu ya injini, na masizi mazito yanayong'aa ukifungua kifuniko cha oili. Gari la namna hiyo likifungwa turbo mpya bila kushusha sampu na kubadilisha washa, pesa imetupwa. Kwa upande wa Subaru Forester za turbo, kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti inayoshikilia bomba la oili iendayo kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakufa wakati oili kwenye kijiti inaonekana iko sawa kabisa. Kukikagua ni kazi ndogo mno ukilinganisha na bei ya turbo, na tunashangaa ni wenye Forester wangapi hawajawahi kusikia kwamba kipo.

Kosa jingine ni la mafundi wenyewe, nasi tunalikuta mara kwa mara. Mtu anapaka silikoni nyingi kwenye maungio ya bomba la oili badala ya kuweka gasketi, silikoni inajikusanya ndani, kipande kinakatika na kwenda kuziba tundu ambalo halina nafasi ya kupitisha kitu chochote isipokuwa oili. Hapo tusitumie silikoni hata kidogo.

Baada ya oili, adui anayefuata ni vumbi, na mwezi wa nane au wa tisa hakuna anayehitaji kuelezwa vumbi la Tabora. Turbo huvuta hewa nyingi kuliko injini isiyo nayo, kwa hiyo filta ya hewa iliyotoboka au isiyokaa vizuri kwenye boksi lake hupitisha mchanga moja kwa moja kwenye mapanga. Tunapofungua turbo iliyouawa na vumbi, mapanga ya upande wa hewa huwa yamelika kingo, yamekuwa membamba na yana ukwaruzo unaousikia ukipitisha kidole. Yakiwa yamepinda au kumeguka ghafla, basi kilichoingia si vumbi bali ni kitu kizima, mara nyingi nati, boliti au kitambaa kilichosahauliwa siku filta ilipobadilishwa. Kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe ni hiki: zima injini, ifungue hozi ya hewa inayotoka kwenye boksi la filta, kisha futa ndani yake kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, filta yako haifanyi kazi, iwe mpya au kuukuu. Na tafadhali, usimruhusu mtu aoshe filta ya karatasi kwa petroli, wala aipulize kwa kompresa kwa nguvu zote kutoka nje. Karatasi hupasuka mahali ambapo jicho halioni.

Sasa tuje kwenye moshi wa bluu, ambao ndio unaopoteza pesa nyingi za wateja. Ni kweli kwamba turbo iliyochoka hupitisha oili ikaungua na kutoa moshi huo. Lakini oili ikishapita kwenye beringi hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, hakuna pampu inayoivuta. Bomba la kurudishia likiziba au kupinda, au injini ikiwa na ringi za pistoni zilizochoka kiasi kwamba hewa inajaa chini na kuizuia oili isishuke, oili itatafuta njia kupitia turbo hata kama turbo yenyewe ni nzima. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu turbo tunapima mgandamizo wa silinda, tunakagua njia ya upumuo wa injini na kusafisha bomba la kurudishia. Mteja anayetarajia turbo mpya wakati mwingine huondoka na habari mbaya zaidi, yaani injini inahitaji ringi, lakini ni afadhali aijue kabla ya kununua kitu kisichohitajika.

Moshi mweusi pamoja na mluzi na ulegevu wa gari mlimani, mara nyingi si turbo kabisa. Kagua mipira ya hewa kati ya turbo, intakula (kipoza hewa iliyobanwa) na injini. Ikipasuka au klipu ikilegea, hewa iliyobanwa huvujia hapo. Kwa turbo zenye vipepeo vinavyojirekebisha, masizi huweza kuvikwamisha, hasa kwa gari linalotembea polepole mjini siku zote, na nyingi kati ya hizo husafishika bila kubadilishwa.

Kwa upande wa uendeshaji, mambo si mengi. Usikanyage mafuta mara tu baada ya kuwasha. Ipe oili muda wa kufika. Ukitoka safari ndefu au ukiwa umepanda na mzigo, iache injini iungurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, kwa sababu oili inayosimama ndani ya turbo yenye moto mkali huungua na kuacha makaa yanayoziba njia. Aliyetoka Isevya, hapa hapa mjini, kwenda sokoni hahitaji kusubiri chochote.

Jambo moja la hatari lazima tulitaje. Turbo ya dizeli ikikatika, injini inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe na kupiga kelele kwa kasi hata baada ya kuzima swichi. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa na uachie klachi ili injini izimike. Usiweke mkono kwenye mdomo wa hewa kwa namna yoyote ile.

Uchunguzi wa turbo katika gereji yetu huanza gari likiwa limepoa, kwa hiyo ni vizuri lifike asubuhi au lilale kwetu. Tunashika shafti na kuitikisa: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida kwa turbo ya beringi za oili, lakini kucheza kwenda mbele na nyuma kunakohisiwa kwa mkono ni dalili kwamba imekwisha. Tukikubaliana kufunga nyingine, tunabadilisha oili na filta zote, tunajaza oili ndani ya turbo kwa mkono, kisha tunazungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime. Wateja wa Urambo, Nzega na Igunga wanaotutumia turbo pekee kwa basi tunawaomba wasiioshe kwa petroli kabla ya kuituma, na waambatanishe bomba lake la oili, kwa kuwa uchafu ulio juu yake na rangi ya shafti ndivyo tunavyovisoma ili kujua kilichoiua.