Risala ya Klabu ya Shabaha kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule,
Mkuu wa shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wazee wetu mliotoka vijijini tangu alfajiri, mwangaluka.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha chini ya miembe hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mheshimiwa mgeni rasmi, kwa kuja kuwa nasi pamoja na wingi wa majukumu yako. Risala ya wahitimu umekwisha kuisikia, nayo imeeleza habari za bweni, maji na maabara. Sisi wa Klabu ya Shabaha tumepewa dakika chache, na tumekubaliana kuzitumia zote kwa ajili ya mtu mmoja. Ni mhitimu aliyekaa mstari wa pili, mwenye kitambaa cha bluu mkononi. Ametuomba tusimtaje jina kwenye kipaza sauti, kwa hiyo tutamwita kama tunavyomwita bwenini: dada.

Dada alifika hapa Julai 2024 kuanza kidato cha tano. Alikuwa na sanduku la bati, godoro, ndoo, na manati yenye panda ya mpera. Manati ilichukuliwa getini siku hiyo hiyo, kwa haki kabisa, maana sheria za shule ni sheria.

Mheshimiwa mgeni rasmi, dada amekulia kwenye mpunga. Wanaolima mbugani wanajua kwamba punje zikianza kutunga, mwenye shamba hana usingizi. Kwelea kwelea wakishuka, jasho la msimu mzima linaliwa asubuhi moja. Watoto huamka gizani kwenda kuamia, huyu na debe, yule na kombeo, mwingine na manati. Dada aliamia shamba la bibi yake tangu darasa la pili, na bibi alikuwa na sharti: gololi za udongo alizofinyanga jioni ndizo za kutwa nzima ya kesho. Zikiisha, abaki na sauti yake. Mtoto wa miaka minane akajifunza kutorusha ovyo. Bibi yupo nasi leo, pale karibu na mama mwenye mtandio wa njano. Bibi, shikamoo.

Mwishoni mwa Julai ile ile, mwalimu wetu wa michezo alituonyesha kwenye simu yake fainali ya wanawake ya trapu, mchezo wa kupiga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani, kwenye Olimpiki ya Paris. Tulikuwa watu kumi na tisa tukigombania kioo kimoja. Adriana Ruano wa Guatemala alivunja visahani 45 kati ya 50 na kuipa nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu katika historia yake ya Olimpiki. Mwalimu akatueleza kwamba Ruano alianzia kwenye jimnastiki, akaumia mgongo, akalazimika kuiacha, ndipo akahamia kwenye shabaha. Tukawa tunabishana kuhusu bunduki, bei yake, uzito wake, mpaka dada akauliza swali ambalo ndilo lililozaa klabu hii: "Mwalimu, anajuaje kisahani kitaelekea wapi?"

Jibu ni kwamba hajui. Mbele ya wapigaji, umbali wa mita 15, kuna handaki lenye mashine 15, yaani tatu kwa kila mmoja wa wapigaji watano waliosimama kwenye mstari. Mpigaji anaita, kipaza sauti kinadaka sauti yake, na moja ya mashine zake tatu inafyatua kisahani. Kinaweza kwenda kushoto, kulia au kunyooka, na kisipopigwa hufika hadi mita 76. Kisahani chenyewe kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, kimetengenezwa kwa lami na unga wa chokaa, na kinapigwa kwa bunduki ya marisau. Raundi moja ni visahani 25. Mchujo wa Olimpiki ni visahani 125.

Zamani walikuwa wakipiga ndege hai. Hata kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 njiwa waliuawa uwanjani. Lakini tayari mwaka 1880 bwana George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alikuwa amepata hataza ya kisahani cha udongo, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipowaona vijana wakirusha vitu bapa vikiruka-ruka juu ya maji. Sisi tuliowahi kurusha jiwe bapa kando ya Bwawa la Igombe tukaliona likiruka-ruka majini, hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

Hapa tuseme wazi mbele ya wazazi: klabu hii haina silaha, haijawahi kuwa nayo, na leo hatuombi silaha. Tunatumia manati na gololi za udongo mkavu. Visahani tunavitengeneza wenyewe kila Jumamosi kwa udongo wa kichuguu. Udongo unachekechwa, unachanganywa na majivu, unakandwa, unashindiliwa ndani ya mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, kisha unaanikwa kivulini siku nne ili usipasuke. Mwalimu wa kemia anaturuhusu kupima kwa mizani ya maabara hadi tukaribie zile gramu 105. Vile vya kwanza tulivichoma kwenye tanuru la matofali, tukajiona mafundi. Gololi zikawa zinagonga na kudunda, kisahani kinatua kizima kama sahani ya mezani. Tukaacha kuchoma. Sasa vikivunjika, mvua inaurudisha udongo ardhini na tunaanza upya.

Warushaji watatu hujificha nyuma ya kichuguu kilichopita kimo cha mtu. Huonyeshana kwa vidole nani arushe, na mpigaji hawaoni. Akisema "tupa", kimoja kinatoka. Hiyo ndiyo mashine yetu.

Katika mwezi wa pili wa klabu, kipande cha kisahani kilimrukia mwenzetu juu ya jicho. Alishonwa nyuzi tatu na jicho lilisalimika, lakini shule ilisimamisha klabu kwa mwezi mzima, na ilistahili. Tangu hapo hakuna anayesogea uwanjani bila miwani ya fundi wa kuchomelea, kuna bendera nyekundu, na kuna mstari wa chokaa ambao hata mwalimu havuki bila ruhusa.

Sasa tumzungumzie dada mwenyewe. Siku ya kwanza alivunja visahani 3 kati ya 25. Mwisho wa muhula alikuwa kwenye 9, na hapo akakwama. Muhula wote uliofuata ulikuwa wa 9, 8, 9, 10, 8. Bidii ilikuwapo, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuokota vigae. Tulipiga hesabu na wenzetu wa fizikia: kutoka mstarini hadi kisahani ni kama mita 12, na gololi yenye mwendo wa mita 40 kwa sekunde inafika baada ya sekunde 0.3. Kisahani kinachokwenda mita 10 kwa sekunde kinakuwa kimesogea mita 3 nzima. Yaani ukikipiga pale unapokiona, umepiga hewa. Lakini hilo dada alikuwa akilijua tangu utotoni, maana bibi alimfundisha kumpiga ndege kule anakokwenda. Tatizo halikuwa hesabu.

Ilikuwa Jumatano, baada ya mvua. Mwalimu alimwambia anyooshe mikono, aunganishe viganja abaki na kitundu kidogo katikati, aitazame kengele ya shule kupitia hapo kwa macho yote mawili. Akamwambia afumbe jicho la kushoto. Kengele ikatoweka. Afumbe la kulia. Kengele ikarudi. Mwalimu akakaa chini kwenye gogo. Dada anavuta manati kwa mkono wa kulia, anaiweka kwenye shavu la kulia, na kumbe jicho lake linalotawala, yaani linaloongoza kulenga, ni la kushoto! Miaka yote ile shambani alikuwa akifidia kwa mazoea, na ndege wakiwa kundi huwezi kumkosa mmoja. Kisahani kiko peke yake.

Wapigaji wengi duniani wana hali hii. Wapo wanaofunika jicho, wapo wanaobadili upande. Dada alichagua kubadili, na tunaomba mwelewe uzito wake: ni kuanza kuvuta kwa mkono ambao nyumbani tunafundishwa tusimpe nao mtu kitu. Wiki ya kwanza alivunja 2. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanamshinda. Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa mrushaji nyuma ya kichuguu, na niliisikia sauti yake ikisema "tupa" mara 25, na mara 23 hapakufuata mlio wa kuvunjika. Hakuna siku aliyoomba turudie. Baada ya wiki tano alikuwa 11. Baada ya miezi mitatu, 16. Oktoba iliyopita alivunja 19, na hakuna mwingine katika klabu aliyewahi kufika hapo.

Mwaka jana tulialika shule jirani kwa bonanza. Wao walikuwa na kijana hodari sana, alimaliza na 18. Dada alikuwa na 17, kimebaki kisahani cha mwisho. Kikatoka kulia, chini chini, akapiga, tukaona vumbi. Mwamuzi akanyoosha mkono kuhesabu, uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, watu wakimdai mwamuzi raundi ya kuamua mshindi. Dada akateremsha manati, akaenda mpaka kilipoangukia, akakirudisha. Kilikuwa kizima, kina alama nyeupe pembeni. Kanuni ya mchezo huu duniani inataka kipande kinachoonekana kimeguke. Vumbi peke yake halihesabiwi. Akamkabidhi mwamuzi. Tulishindwa kwa kisahani kimoja. Wapo wenzetu waliokasirika, wengine walinuna hadi Jumatatu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mchezo huu haujawafungulia wanawake mlango kirahisi. Mwaka 1992 kule Barcelona, Zhang Shan wa China alishindana na wanaume katika skiti, mchezo mwingine wa kupiga visahani, na kuchukua dhahabu mbele yao wote. Olimpiki iliyofuata, mwaka 1996, skiti ikawa ya wanaume pekee, na wanawake wakangoja hadi mwaka 2000 ndipo wakapewa mashindano yao. Bingwa wa Olimpiki alibaki nje kwa sababu ya karatasi. Nasi tunaogopa karatasi hiyo hiyo kwa ajili ya dada.

Nchi yetu ina medali mbili za Olimpiki, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Zote ni za mbio, na tunajivunia. Lakini mkoa huu umejaa watoto wenye macho na mikono kama ya dada, wanaoamia ndege kila msimu, na mashuleni tunawapima kwa mpira wa miguu, pete na riadha tu. Kipaji chao kinaishia shambani mpunga ukivunwa.

Mwezi Mei dada atafanya mtihani wa taifa. Baada ya hapo, kama wahitimu wengine wa kidato cha sita, anatarajia kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, pengine kambi ya hapa hapa Msange, pengine mbali. Huko, kwa mara ya kwanza maishani, atashika silaha halisi, chini ya wakufunzi, mahali ambapo sheria inaruhusu. Atakuwa mmoja kati ya maelfu, na hakuna atakayejua kwamba yule binti mpole anavuta kwa kushoto kwa sababu, si kwa ukaidi. Tunaogopa atalazimishwa kurudi kulia wiki ya kwanza na kazi ya mwaka mzima ipotee.

Ombi letu la kwanza, basi, halina gharama. Tunaomba barua yako, mheshimiwa, kwenda kwa wahusika wa michezo jeshini na Baraza la Michezo la Taifa, ikieleza ni nani anakuja na jicho lake linalotawala ni lipi, ili akionekana anafaa aendelezwe kwa utaratibu wa sheria. Rekodi ya matokeo yake yote, tarehe kwa tarehe, tumeiambatanisha, na vile 2 vya wiki ile ngumu vimo.

La pili ni miwani ya kinga. Tunayo minne, wanachama tuko thelathini na mmoja. Na la tatu, Tabora imeshawahi kuyapokea mashindano ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini. Tunaomba siku yakirudi tupewe hata nusu saa ya kuonyesha mchezo huu mbele ya mikoa mingine.

Zawadi yetu kwako ni kile kisahani cha bonanza, chenye alama nyeupe. Dada alitaka kukitupa, tukakificha.

Mara baada ya risala hii tunakuomba, pamoja na wageni wote, msogee upande wa kaskazini wa uwanja, nyuma ya mstari wa chokaa. Watoto wadogo washikwe mikono. Warushaji wapo tayari nyuma ya kichuguu, na dada atapiga visahani vitano.

Tunaomba kuwasilisha.